Saa Chache za Aruba

Inspekta Namnyaki alikuwa na asubuhi moja tu ya kufanyia kazi, na nusu yake ilikuwa imeshaliwa na mdomo wa Konstebo Kisioki, ambaye tangu waondoke kituoni hakuwa amenyamaza.

"Afande, hii kesi imeiva," alisema Kisioki akikata kona kuingia Njiro. "Funguo za kabati aliachiwa Elirehema. Nyumba aliachiwa Elirehema. Mkufu umepotea. Sasa sisi tunazunguka kutafuta nini?"

"Mkufu."

"Ameshauuza."

"Kwa nani?"

"Arusha hii? Wanunuzi wa mawe wamejaa, afande."

"Na wote tumeshawauliza. Tanzanaiti kubwa vile, ndani ya dhahabu ya zamani, ikipita mjini hapa hata wauza karanga watapata habari. Hakuna aliyeiona. Endesha."

Kisioki aliendesha, ila midomo alikuwa ameivuta. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu wa kufikiri asubuhi, na kesi iliyokuja na mshukiwa wake tayari ilimfurahisha kama chakula kilichopakuliwa.

Mkufu wenyewe ulikuwa wa Biji Mohinder, bibi wa Kisingasinga ambaye marehemu mumewe alifungua duka la vipuri mjini zamani, watu wengi wa leo hawajazaliwa. Juzi familia nzima ilirudi kutoka safari ya meli ya utalii huko Karibiani. Mabegi hayajafunguliwa, Aarti, mke wa mtoto mkubwa wa Biji, akafungua kabati la chuma na kukuta kisanduku cha mkufu kitupu. Akapiga yowe. Jioni hiyohiyo Elirehema, mama wa kijiji cha Akheri aliyekuwa akiwapikia tangu Aarti akiwa bibi harusi, alipandishwa kwenye gari la polisi akiwa na aproni kiunoni.

Leo mchana jalada lilikuwa liende mahakamani. Kosa lilikuwa limeshaandikwa, wizi wa mtumishi, na mwendesha mashtaka hakuona tatizo. Akishafikishwa huko, mpaka dhamana ipatikane, Jumapili ingempita akiwa mahabusu. Na Jumapili, yaani keshokutwa, binti yake wa kwanza alikuwa anapata kipaimara.

"Afande," Elirehema alikuwa amemwambia Namnyaki jana kupitia nondo, bila kulia, "mtoto akisimama mbele ya mchungaji na mama yake hayupo, kanisa zima litajua ni kwa nini. Mimi wakinifunga nitafungwa. Lakini yeye atabaki palepale Akheri, ataitwa mtoto wa mwizi mpaka aolewe."

Namnyaki hakumwahidi kitu. Alikuwa amejifunza kutoahidi watu walio nyuma ya nondo.

Jana mchana walikuwa wamepanda Akheri kufuatilia habari ya Anyesi, jirani wa Elirehema, aliyejileta mwenyewe kituoni kusema kwamba mwenzake amepaua nyumba kwa bati jipya la rangi. "Mwulizeni bati lile kalitoa wapi," alisema, na macho yake yaliwaka alipotamka neno bati. Kisioki alifurahi mno. Wakapanda, wakaliona bati, wakamkuta na Abdiel, kaka yake Elirehema, dereva wa lori, ambaye ndiye aliyelileta, akalishusha mbele ya mtaa mzima kabla familia ya Biji haijaota hata kusafiri. Anyesi mwenyewe alikuwepo siku ile akisaidia kuinua. Basi tu, kila asubuhi alikuwa akifungua dirisha anaona paa la mwenzake, anaumia, na alipopata sikio la polisi akautua mzigo wake.

Ndiyo maana leo Namnyaki alirudi mwanzo, kwenye nyumba yenyewe.

Biji Mohinder alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti cha mgongo mrefu, shali mabegani, mkongojo magotini. Aarti alisimama nyuma ya kiti hicho. Alikuwa mwanamke mzuri wa umri wa kati, mwenye uso uliokazwa, na alikuwa amejifunga skafu ya hariri iliyozunguka shingo mara mbili na kushuka kifuani, japo madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Shikamoo, Biji," alisema Namnyaki.

"Marahaba, binti. Kaa. Mmeupata?"

"Bado. Nataka mnieleze tena kuhusu mkufu, kama vile sijui kitu."

Biji alinyosha mkongojo kuelekea ukutani. Pale palikuwa na picha ya zamani ya rangi, Biji akiwa kijana, na kifuani mwake umelala mkufu. Namnyaki akainuka kwenda kuutazama kwa karibu. Jiwe la buluu lilikaa katikati ya kipande cha dhahabu chenye umbo la korosho, lile la kwenye khanga, na chini ya korosho vilining'inia vitone vitatu vya dhahabu.

"Hii korosho ni ya khanga kabisa," alisema.

Biji akacheka, jino moja la dhahabu likaonekana. "Siku mume wangu aliyoniona mara ya kwanza, nilikuwa nimejitanda khanga ya mama mmoja jirani yetu, mvua ilinikuta nje. Tulipochumbiana akamtafuta yule mama, akainunua ileile khanga, akampelekea sonara. Akamwambia, hii hapa, nichongee hii. Sonara akamwambia Wahindi hawavai korosho hivi, ninyi mna ya kwenu. Akamwambia chonga." Akafuta jicho. "Hakuna mwingine duniani. Na kitone cha katikati kilianguka zamani kwenye harusi ya mtoto wangu mdogo, sikukirudisha. Nilisema abaki hivyohivyo, hata mimi meno yamepungua."

"Sasa ni wa nani?"

"Si wa mtu. Anauvaa mkaza mwana anayeshika funguo za nyumba hii. Aarti kashika miaka mingi." Biji akasema hivyo kwa wema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kabla ya safari niliwaambia, tukirudi, funguo na mkufu viende kwa Jaspreet. Aarti naye apumzike."

Namnyaki alikuwa anamtazama Aarti wakati neno hilo linatamkwa. Hakuna kilichobadilika usoni, ila mkono ulipanda wenyewe ukaishika skafu.

"Mama Aarti," alisema Namnyaki, "mara ya mwisho kuuona mkufu ni lini?"

"Siku ya kuondoka. Niliufungia kabatini, nikampa Elirehema funguo, kama kila safari."

"Hukusafiri nao?"

"Mkufu wa familia? Kwenye meli, na watu maelfu wasiojulikana?" Akatabasamu kidogo. "Hapana, Inspekta. Hata kwa harusi za hapa mjini nauvaa kwa ruhusa."

"Kwa hiyo huko kwenye meli ilikuwa starehe tu."

"Kwa wengine. Mimi kichwa kiliniuma nusu ya safari. Siku ya Aruba, kile kisiwa ambacho wote wanakisimulia mpaka leo, mimi hata sikushuka. Nililala chumbani, pazia nimefunga, mwanga wote uliniuma."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Hebu mwachieni hakimu amalize hili jambo, Inspekta. Biji halali."

Namnyaki akaitikia kwa kichwa, akaomba kumwona na Jaspreet.

Jaspreet, mke wa mtoto mdogo, alikuwa jikoni akipanga chapati na dengu kwenye hotpoti. Alikuwa kijana, mchangamfu, na pua yake ilikuwa inabambuka ngozi kwa kuungua jua. Kisioki alipoiona hotpoti akamkonyeza bosi wake. Tangu juzi mwanamke huyu alikuwa analeta chakula kituoni kila mlo, na Kisioki alikuwa na nadharia juu ya hilo pia.

"Hicho ni cha Elirehema?" aliuliza Kisioki.

"Cha nani tena? Ninyi mnampa nini, ugali wa baridi?"

"Mtu humpelekea mwizi wake chapati?"

"Mtu hampelekei mwizi. Mimi nampelekea Elirehema." Akafunga hotpoti kwa kishindo. "Afande, huyu kijana wako ananiuliza au ananituhumu?"

"Anajifunza," alisema Namnyaki. "Mkufu ulikuwa uje kwako. Ulifurahi uliposikia?"

Jaspreet akaisukuma hotpoti pembeni. "Hilo nilikuwa niliongee na dada Aarti kwanza. Sasa halina maana tena, umeshapotea. Tuache."

Namnyaki aliliweka jibu hilo pembeni. "Basi niambie kuhusu Aruba. Naona kila mtu anaisimulia."

Hapo Jaspreet akafunguka. Safari nzima, alisema, ilikuwa zawadi ya binamu zao wa Kanada, lakini siku ya Aruba ilikuwa yake yeye, aliipanga kuanzia nyumbani. "Meli inafika asubuhi, inaondoka jua halijazama. Ukizubaa unaona bandari na maduka ya vito tu, unarudi melini unasema nimefika Aruba. Mimi nikasema hapana. Nikakodi jipu zisizo na paa, wanaume wakaendesha, tukakimbilia upande wa kaskazini kabla watu wa meli hawajamaliza chai. Kule ni jangwa, afande. Mawe, midungusi mirefu kupita nyumba, miti imepinda yote upande mmoja kwa upepo. Na mbuzi!"

"Kama Longido," alisema Kisioki, akijisahau.

"Kama Longido, ila na bahari pembeni! Shemeji Amandeep, mume wa dada Aarti, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema tumepanda ndege mchana na usiku kuja kuona mbuzi wa Longido. Tukaona magofu ya mashine ya kusagia dhahabu, tukaoga kwenye dimbwi lililozungushiwa miamba, mawimbi yanapasuka nje wewe umo ndani umetulia. Mchana tukarudi karibu na bandari, tukala samaki wa kukaanga kwa mikono, pale ufukweni, tumejaa vumbi hadi kope. Hakuna dakika tuliyoipoteza."

"Wenzetu mnaishi," alisema Kisioki, na safari hii sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Sisi mbali kabisa tunapofika ni Tanga, tena kwenye kozi."

"Na hiyo pua?" aliuliza Namnyaki.

"Jua la kule ni la hila. Upepo hauachi kupuliza, kwa hiyo husikii kuungua. Jioni ndiyo unajitazama kwenye kioo unakuta umebabuka."

"Mama Aarti hakuwa nanyi."

"Hakutaka." Uchangamfu ukapungua. "Nilimwomba. Nikasema nitabaki nawe basi, ndiyo kwanza akaninunia. Sijui namkosea nini, afande. Nikipanga jambo likafana, ananuna. Likiharibika, ananifariji vizuri sana."

"Una picha za siku ile?"

Picha alikuwa nazo, na nyingi. Namnyaki alizitazama moja moja, akipitisha kidole polepole, Kisioki akichungulia begani kwake. Jipu, mbuzi, mdungusi, Amandeep na samaki mdomoni. Kisha meza ya chakula melini, jioni ileile, familia yote imevaa nguo za kutokea. Aarti alikaa mwisho wa meza, gauni la kijani lenye shingo pana, hatabasamu.

Namnyaki akasimamisha kidole. Akaikuza picha. Akaikuza tena.

"Nyingine za jioni hii?"

"Ni hiyo tu. Dada aliinuka mapema. Za siku zilizofuata ndizo hizi."

Kwenye zilizofuata Aarti alikuwa na skafu. Kwenye kila picha, asubuhi kwa jioni, bwawani, kwenye ngazi, uwanja wa ndege, skafu. Namnyaki akairudia ile ya gauni la kijani.

"Nirushie hii," alisema. "Na dada yako usimwambie kitu."

Kwenye gari Kisioki alishindwa kuvumilia. "Afande, umeona nini? Mimi nimeona gauni."

"Umeona shingo?"

"Nimeona kaungua."

"Aliyelala chumbani na pazia limefungwa, kaungua na jua gani?"

Kisioki akabadilisha gia. Walipofika njia panda ya kuelekea mjini ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini afande, kushuka kisiwani si kosa."

"Si kosa. Mpigie simu mama Aarti, mwambie aje kukamilisha maelezo yake kabla jalada halijaondoka. Mwambie kwa adabu."

Aarti alikuja haraka, akidhani amekuja kumaliza. Namnyaki alimpokea katika chumba kidogo cha mahojiano, akafunga mlango, akamketisha mwenyewe. Kisioki alikaa kwenye kona na kalamu.

"Nataka maelezo yako yasiwe na mwanya wowote mahakamani," alisema Namnyaki. "Mkufu ulibaki kabatini siku mliyoondoka."

"Ulibaki."

"Hukuuvaa wala hukuubeba safarini."

"Sikuubeba."

"Na Aruba hukushuka. Ulikuwa chumbani, pazia limefungwa."

"Nimeshasema."

"Konstebo, umeandika? Msomee."

Kisioki akasoma. Aarti akaitikia, ndiyo, ndivyo. Namnyaki akatoa simu na kuiweka mezani, picha imekuzwa, gauni la kijani limejaza kioo chote.

Aarti aliitazama. Akaivuta skafu, akaikaza shingoni.

"Niliota jua kidogo sitahani," alisema. "Nilisahau."

"Sawa. Tuseme ni sitahani. Sina shida na sitaha." Namnyaki akaelekeza ncha ya kalamu kwenye picha bila kuigusa. "Umeungua hapa kote, kuanzia mabega mpaka hapa. Isipokuwa hapa. Hapa pamebaki peupe. Hebu nitajie umbo hili."

Aarti akayatoa macho kwenye simu.

"Konstebo, wewe unaona nini?"

Kisioki aliinuka, akainama, na uso wake ukabadilika. "Korosho," alisema. "Na chini yake vitone viwili. Kimoja huku, kimoja huku. Katikati hakuna."

"Ni cheni yangu nyingine," alisema Aarti haraka. "Nina vito vingi."

"Biji anasema hakuna mwingine duniani. Lakini inawezekana Biji kakosea. Ngozi haijasahau bado, mama Aarti. Konstebo atatoka nje, mimi na wewe ni wanawake. Vua skafu tulinganishe, kama si huo nakuomba radhi na kukurudisha nyumbani kwa gari langu."

Mikono ya Aarti ilipanda mpaka kwenye skafu ikabaki hapo, imeishika kwa nguvu. Hakuivua. Nje mtu alikuwa anagombana na askari wa zamu kuhusu pikipiki iliyokamatwa Sombetini, na kelele zake ziliingia chumbani zote.

"Uko wapi sasa?" aliuliza Namnyaki.

"Baharini."

Lilitoka kavu, bila machozi. Kisha mengine yakafuata, na Namnyaki hakumkatiza.

Aliuficha ndani ya soksi tangu Arusha. Hakuwa na mpango, alisema, alitaka tu usikae ndani ya lile kabati ukimsubiri Jaspreet. Asubuhi ya Aruba, walipoondoka wote na jipu zao wakipiga makelele, aliushusha kisiwani. Akauvaa barabarani, mchana kweupe, shingo wazi, kati ya watu wasiomjua. "Miaka yote hiyo nimeuvaa kwenye harusi na Biji ananitazama kama nimeuazima. Nikasema siku moja niuvae uwe wangu. Nilitembea ufukweni, upepo ulikuwa mzuri, sikusikia jua kabisa. Nilikuwa na furaha. Niliwaza, acha wao wahangaike na mbuzi, mimi ndiye niliyeipata Aruba."

"Halafu?"

"Halafu nikawaona. Pale kwenye samaki. Wamejaa vumbi, wanacheka, yeye katikati anawagawia. Na mume wangu." Akameza mate. "Amandeep hajacheka hivyo nyumbani kwetu tangu nimjue. Alikuwa anamwambia, Jasi, bila wewe tusingeona kitu. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikageuka, nikaenda kwenye mawe ambako mawimbi yanapiga, nikauvua, nikautupa. Nikasema hata huu hataupata. Vingine vyote achukue."

"Na Elirehema alikuwa kwenye jipu?"

Aarti hakuelewa.

"Nakuuliza Elirehema alikuwa kwenye jipu? Alikuwa anagawa samaki? Maana ndiye uliyemleta mahabusu."

Aarti akainamisha kichwa. Namnyaki akamgeukia Kisioki. "Mpigie mwendesha mashtaka, mwambie jalada lile haliendi mahakamani, kuna jipya. Halafu mtoe Elirehema umlete hapa."

Kisioki alitoka mbio, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na nadharia yoyote.

Elirehema aliingia amejifunga kitenge juu ya aproni ileile ya juzi. Aliambiwa kwa maneno machache kwamba yuko huru, na kwa nini. Hakushangilia. Alimgeukia bosi wake.

"Mama mkubwa," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyomwita Aarti, na kumwita Jaspreet mama mdogo, "nilikukosea nini?"

"Chai," alisema Aarti.

"Chai gani?"

"Ya asubuhi. Ilikuwa kwanza kwangu. Siku zote ilikuwa kwanza kwangu. Alipokuja yeye, ukaanza kugonga mlango wake. Ukawa unacheka naye jikoni, mimi nikiingia mnanyamaza. Wewe ulikuwa wangu, Elirehema. Ulinifunga sari siku ya harusi yangu, mama yangu hakuwepo."

"Mama mdogo anaamka alfajiri kumwogesha Biji," alisema Elirehema polepole. "Ndiyo maana chai inaanzia kwake. Amekwisha amka." Akajikaza kitenge. "Na siku tuliyonyamaza, ile ya kufunga mabegi, ukaingia ukatukuta tumenyamaza, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Alikuwa ananiambia kwamba yeye hautaki ule mkufu. Wala funguo. Alisema mkirudi safari atamwambia Biji viache vikae kwako mpaka mwisho, akasema dada ndiye mwenye nyumba, mimi nikivaa kile kitu nitauona uso wake kila siku. Akanikataza nisikwambie. Alitaka akwambie mwenyewe mkirudi, ufurahi."

Kisioki alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi, haandiki. Namnyaki alimtazama Aarti akisubiri machozi, kwa kuwa wengi hulia hapo.

Aarti hakulia. Alikuwa anaukunjua na kuukunja upindo wa skafu, na uso wake, uliokuwa umelegea baada ya kukiri, ulikaza tena taratibu.

"Kwa hiyo hata huo," alisema, "ilikuwa anipe yeye."

Elirehema alivua aproni, akaikunja vizuri kama alivyozoea, akaiweka mezani mbele ya Aarti. Kisha akamwuliza Namnyaki kama gari za Akheri bado zipo saa hizi, akaondoka.